Jembe la Asiyekuwepo

Nimefanya kazi ya uuguzi tangu nikiwa msichana. Usaha naujua, matapishi nayajua, na kidonda cha mguu kilichofungiwa kipande cha kanga wiki nzima nimekifungua kwa mikono hii, kisha nikanawa nikaenda kula ndizi nyama bila taabu. Sijisifu. Nataka tu ieleweke kwamba mimi si mwepesi wa kinyaa, na nikisema kitu kimenitia kinyaa hadi leo, nimekipima kwanza. Kitu chenyewe ni uchaguzi. Ni ule wa pili tangu vyama vingi virudi. Nilikuwa nimejiandikisha kupiga kura, nikiwa na akili zangu timamu, na siku yenyewe ilipofika ilinikuta Botswana, nchi ya watu, nikimgeuza mgonjwa kitandani.

Nilikwenda Botswana kwa sababu ambazo kila muuguzi wa wakati ule anazijua. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango ya biashara. Maduka ya Arusha mjini yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, lakini hospitalini kwetu mgonjwa alitumwa akanunue glavu mwenyewe ndipo ahudumiwe. Unamwambia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa amtume mumewe duka la dawa, na mume hana nauli. Mshahara wangu nao ulikuwa unaisha kabla sijafika nao kwa mama. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikaondoka. Sikuikimbia nchi. Nilikwenda kazini, mbali kidogo, kama baba yangu alivyokuwa akienda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi na kurudi mvua zikianza.

Mama alibaki nyumbani, kwenye mteremko wa Meru, juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa. Mdogo wangu wa kike aliishi naye, akishuka kila asubuhi kwenda Kijenge alikokuwa na kibanda cha kushona nguo. Na palikuwa na kipande changu cha shamba. Baba kabla hajafa alitugawia na sisi wasichana, jambo lililowaudhi ndugu zake mpaka wakasusa chakula cha nyumbani kwake, naye akawaambia wakisusa, wenzao watakula. Kipande hicho kilipitiwa na mfereji uleule uliopita kwa mama. Ndizi zake ndizo zilizomlisha mama nilipokuwa mbali.

Mfereji ndio uhai wa pale. Maji yanachepushwa kutoka mtoni, huko juu karibu na msitu, yanateremka shamba hadi shamba kwa zamu. Kila kiangazi kinapokaribia, wenye zamu wote hukutana kwenye banio, pale maji yanapoingia mferejini. Jina linaitwa, mwenye jina ananyanyua jembe lake na kusema yupo. Aliyeko mbali naye huitwa. Mtu wa kwao huja na majembe mawili, la kwake na la yule asiyekuwepo, na jina la mbali likiitwa hunyanyua lile la pili na kusema, "Yupo." Basi, huyo mtu amehudhuria. Jambo likihitaji kuamuliwa, aliyeshika majembe mawili husema kwanza la kwake akiwa amekaa, halafu anasimama na jembe la mwenzake, anamsemea. Na hakuna anayethubutu kudanganya. Ukimsemea mtu neno ambalo hakukutuma, atakaporudi utaumbuka mbele ya mfereji mzima, na watu wa kwetu wanaogopa kuumbuka kuliko njaa.

Jembe langu lilikuwa na mpini aliouchonga baba mwenyewe. Mama alilipeleka kwenye banio kila mwaka niliokuwa Botswana. Alikuwa ananisimulia kwa simu, maana tulikuwa na utaratibu wetu. Jirani wa kibanda cha mdogo wangu, mzee mmoja wa Kitanga mwenye duka, alikuwa na simu ya mezani, na siku tuliyopatana mama alishuka hadi Kijenge akakaa kwenye gunia la mchele kusubiri nipige. "Nimekusemea," alikuwa akiniambia. "Nimesema unataka mfereji uzibuliwe kabla ya Pasaka. Si ndivyo?" Nami nikamwambia ndivyo.

Kisha likaja shamba la maua.

Mwekezaji, sijui wa nchi gani na sitaki kujua, alichukua shamba la zamani la kahawa upande wa juu, akalizungushia uzio, akajenga mahema ya nailoni ya kuoteshea waridi. Siku zile mwekezaji alikuwa mgeni wa heshima. Akikukanyaga, unamwomba radhi kwa kuweka mguu wako chini ya kiatu chake. Akajenga banio lake la saruji juu ya la kwetu, akaweka bomba pana, na zamu ya mama iliyokuwa inajaza mashina yote ya migomba asubuhi moja ikawa inalowesha mashina machache na kukatika. Wenye zamu wakamwendea diwani. Diwani ndiye aliyekuwa amekata utepe wa lile banio la saruji. Akawajibu kwamba maua yanaleta fedha za kigeni. Mama akamwuliza mbele ya mkutano kama hayo maua huchanganywa na maharage au hupikwa peke yake. Watu walicheka, diwani naye akacheka, kicheko cha mtu anayekumbuka sura yako.

Basi uchaguzi ulipokaribia, kwetu haukuwa wa rais wala wa mbunge. Hao walikuwa mbali huko, na sera zao. Kwetu ulikuwa wa udiwani, na udiwani ulikuwa maji. Aliyesimama kupambana na diwani alikuwa mwanamke mmoja muuza mitumba wa soko la Tengeru, sauti yake kavu, hana hata gari la kuazima. Hakuahidi lami wala umeme. Aliahidi kwamba akipita, lile bomba pana litafungwa siku tatu kila wiki ili maji yateremke. Tulimwelewa.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo miezi michache kabla ya kura, wakati wa kujiandikisha, na hiyo ilikuwa bahati tupu, maana likizo kule Botswana anapanga metroni, haipangwi na mtu aliyezaliwa juu ya Tengeru. Nikaenda shule ya msingi niliyosoma, nikapanga foleni chini ya dirisha la darasa nililojifunzia kuandika. Karani alikuwa mwalimu kijana, mpole.

"Unaishi hapa, dada?"

"Shamba langu liko hapa. Mama yangu yuko hapa. Mimi nafanya kazi Botswana."

Akaacha kuandika. "Usingesema hilo."

"Kwa nini nisiseme?"

"Maana mimi sasa nimelisikia." Akaangalia nyuma yangu, akapunguza sauti. "Hapa ni kwenu, nakufahamu. Nakuandika. Lakini siku ya kura uwepo."

"Na nisipokuwepo? Nipigie kwenye ubalozi?"

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mimi mgonjwa anayeuliza kama atatembea kesho. "Kura yako iko hapa, dada. Kwenye kituo hiki. Wewe ndiye utakayeifuata." Akanipa shahada yangu ya kupigia kura, kikaratasi kisicho hata na picha, jina na namba tu.

Nilirudi nyumbani nikasonya njia nzima. Mama alikuwa anakamua. Ndama alikuwa amefungwa kwa kanga mpya, yenye rangi za chama cha diwani na maneno ya kutupongeza sisi wanawake. Watu wa diwani walikuwa wamepita jana yake wakigawa kanga, na kwenye uwanja wa kanisa la jirani walikuwa wamepika pilau. Siku zile hongo ilipewa jina zuri, ikaitwa takrima. Ukarimu, ati. Mtu amekunyang'anya maji ya kunywa, anakuletea wali uliokolea viungo uzidi kuona kiu. Nilimwuliza mama kwa nini ameipokea ile kanga. "Ndama alikuwa hana kamba," akasema.

Nikamwonyesha ile shahada. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya maziwa, akaisoma polepole, jina langu lote.

"Utakuwepo?" akauliza.

"Sitakuwepo, mama. Nitakuwa kazini."

"Basi iache hapa."

Nikaiacha. Kila kitu changu kilikaa kwa mama: vyeti, jembe, blanketi la harusi ambayo haikufanyika. Nilidhani ananitunzia. Mama alikuwa na lake kichwani, na kwa jinsi alivyolelewa kando ya mfereji, halikuhitaji hata kusemwa.

Niliporudi Botswana nilipiga simu ofisi ya ubalozi wetu, ambayo wala haikuwa katika nchi ile, ilikuwa nchi ya jirani. Afisa aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. Nikamweleza kwamba mimi ni Mtanzania, nimejiandikisha, nataka kujua nitapigaje kura nikiwa huku. Akasema utaratibu huo haupo. Nikamwuliza utakuwepo lini. Akasema hilo liko juu ya uwezo wake. Nikamwuliza kama anafahamu kwamba mimi ni raia. Akasema, "Bila shaka, sista, na tunathamini sana mchango wenu." Mchango. Ni kweli, mchango walikuwa wanauthamini. Mkubwa mmoja kutoka nyumbani alipita pale mwaka uleule, tukakusanywa Watanzania wa kule, wauguzi na walimu watupu, tukampikia, na alipokwisha kula akatuhimiza tupeleke fedha nyumbani, tujenge, tuwekeze, nchi inatuhitaji. Mwalimu mmoja akamwuliza habari ya kupiga kura. Mkubwa akafuta mdomo, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, yanahitaji muda. Fedha zetu hazikuwa za kitaalamu. Zilivuka mpaka bila kuulizwa zinaishi wapi. Nilitazama ile sahani yake yenye mifupa na nikajuta kuikwangua sufuria kwa ajili yake.

Kilichonikera zaidi ni kwamba jambo lenyewe liliwezekana. Muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa pale, alikuwa na dada yake anayesoma Ulaya, na katika uchaguzi wao wa mwaka uliotangulia yule dada alipiga kura hukohuko masomoni. Nilipomweleza ya kwetu alidhani nimekosea Kiingereza. "Lakini wewe si mtu wa kwenu?" aliniuliza. Nilikaa na swali lake zamu nzima, na kila jibu nililojaribu liliiaibisha nchi yangu.

Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kupiga kura. Metroni akaniambia likizo yangu nimeshaimaliza, na kwamba hajawahi kusikia mtu anavuka nchi nzima za watu, siku kwa siku kwenye basi, ili akaweke alama kwenye karatasi. Nikamwambia hata mimi sijawahi kusikia, lakini kwetu ndiko kunakotakiwa hivyo. Hakunipa. Sikumlaumu. Yeye hakuwa mtu wa kwetu.

Haya yanayofuata sikuyaona. Nilisimuliwa na mdogo wangu, aliyekuwa nyuma ya mama kwenye foleni, na baadaye na watu wengine wawili, na maneno yao yalilingana.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda ibada ya kwanza, akatoka moja kwa moja hadi shuleni na nguo zake za kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Shahada mbili alikuwa amezifunga kwenye pembe ya kanga, ya kwake na ya kwangu. Mdogo wangu aliona pembe imefungwa, akadhani ni sadaka iliyobaki.

Mbele yao alikuwa msichana wa Tengeru, si wa kijiji chetu, mwenye nywele za kusuka. Alipofika mezani akatoa shahada na kulitaja jina la mwanamke ambaye sote tunamfahamu, tuliyekuwa tunacheza naye rede. Huyo mwanamke aliolewa Nairobi na ana watoto huko wanaoongea Kikikuyu. Karani alilifahamu jina. Wakala wa diwani, aliyekaa palepale kuhakikisha haki inatendeka, alilifahamu kuliko wote, maana ni la binamu yake. Hakuna aliyekohoa. Msichana akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia, akatoka, akachovya kidole kwenye wino, akaondoka zake akikipuliza kikauke.

Mama akafika mezani. Akawasalimu wote, wadogo wakamwamkia shikamoo, akaitikia. Akafungua pembe ya kanga, akaweka shahada mbili mezani, sambamba.

"Hii ni yangu," akasema. "Na hii ni ya binti yangu mkubwa. Yupo, ila yuko kazini Botswana. Nimekuja kumsemea. Nitapiga kwanza yangu, halafu nitapiga yake."

Mdogo wangu anasema alitamani ardhi ipasuke. Karani alikuwa yuleyule mwalimu mpole aliyeniandikisha. Akasema kwa upole, "Mama, hairuhusiwi."

"Nani hajaruhusu? Mwenyewe ameniachia."

"Sheria, mama. Kila mtu apige yake mwenyewe."

"Naye hajakataa kupiga. Hii ni yake mwenyewe. Mimi ni mkono tu. Anamtaka yule mama wa mitumba, kwa ajili ya maji. Muulizeni akirudi, kama nimedanganya."

Hapo ndipo wakala wa diwani aliposimama. Kijana yule alikulia kwetu nusu. Mama yake alipokatika maziwa, alinyweshwa maziwa ya ng'ombe wetu, mama yangu akimpelekea kibuyu kila asubuhi. Akasimama, akamnyooshea kidole, akapaza sauti ili waliokuwa madirishani wasikie vizuri.

"Huyu mama anataka kuiba kura. Na tena ametaja mgombea ndani ya kituo. Mwizi wa kura huyu. Askari."

Askari akaja. Akamwambia, "Bibi, twende nje." Shahada yangu ikabaki mezani, ikawekwa pembeni na msimamizi wa kituo, na sikuiona tena. Wakamkalisha mama kwenye tofali karibu na mlingoti wa bendera, juani, watu wote wa foleni wakimtazama, pamoja na waumini wenzake waliokuwa naye kanisani asubuhi ileile. Wengine waliangalia pembeni. Mmoja alicheka. Mama hakujitanda kanga usoni. Alikaa wima na mikono mapajani.

Baadaye karani akatoka, aibu imemjaa, akachuchumaa mbele yake akiwa ameshika shahada yake mama. "Mama, ya kwako ni halali. Njoo upige, hakuna atakayekugusa."

"Mimi ni mwizi," mama akamjibu.

"Hapana, mama. Ni maneno tu ya yule."

"Yamesemwa mbele ya watu na wewe ulikuwepo, ukanyamaza. Kama ni mwizi, mwizi hapigi kura. Kama si mwizi, mwambie aliyesema aje hapa aseme kwamba si mwizi."

Karani akarudi ndani. Hakuna aliyekuja. Mama akasubiri, kwa maana alidhani kweli watakuja, huo ndio ujinga wa watu waadilifu. Jua lilipopinda akanyanyuka, akapangusa vumbi, akapanda mlima kwa miguu. Kura mbili alizokuja nazo, hakupiga hata moja.

Diwani alipita. Watu wake wakapiga honi mpaka Tengeru.

Niliyasikia haya kwa simu, nimesimama kwenye korido ya hospitali, mdogo wangu akilia upande wa pili kule Kijenge na mzee wa duka akimpa pole nikimsikia. Mama alikataa kushuka kuongea nami. Mdogo wangu akaniambia na jambo moja la mwisho, ambalo ndilo lililonimaliza. Jirani yetu wa chini alikuwa amekuja kumfariji mama, kwa nia njema kabisa, akamwambia angemwomba ushauri kwanza. Yeye vijana wake wawili hawapo, mmoja yuko Nairobi, mwingine amezamia Afrika Kusini hata kaburi lake likitafutwa halitapatikana. Lakini shahada zao alizitoa kwa watu wa diwani wiki moja kabla, wakampa kilo za sukari, na vijana wote wawili wamepiga kura. "Wangu wamepiga," akamwambia mama. "Wa kwako ndiye peke yake aliyekosa, kwa sababu ulisema ukweli."

Nikakata simu. Nilikwenda chumba cha kunawia, nikanawa mikono, nikanawa tena, na hakukuwa na kitu mikononi. Kinyaa gani hicho. Nchi nzima ilijua kwamba tuliokuwa mbali hatuwezi kupiga kura, na nchi nzima ilijua kwamba tulikuwa tunapiga. Tulipiga kwa vidole vya wasichana wa kukodi. Aliyekwenda mchana kweupe na shahada ya mwanawe na kusema ni ya mwanawe, huyo ndiye aliyekalishwa juani. Nimefunga maiti nyingi, na sijawahi kuosha kitu kilichonuka kama hicho.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikaribia, na mkutano wa banio ukaitishwa. Safari hii haukuwa wa kuzibua. Diwani alileta pendekezo la shamba la maua: wenye zamu waliachie banio letu moja kwa moja, maji yote yaende kwenye lile bomba pana, na badala yake shamba litawawekea watu koki moja barabarani, karibu na geti lake. Kila mwenye zamu aseme anakubali au anakataa. Nusu ya wenye zamu wakati ule tulikuwa mbali: Dar, Nairobi, migodini, Botswana. Watoto wa mlima ule tulikuwa tumetawanyika, na majembe yetu yalikuwa yamebaki nyumbani kwa mama zetu.

Nikampa mdogo wangu ujumbe kwa simu ya duka: mwambie mama anisemee. Mwambie nakataa. Nakataa koki, nakataa geti, maji yateremke kama yalivyoteremka kwa baba. Nilirudia maneno hayo mara mbili ili ayafikishe kama yalivyo. Kisha nikapanga siku ya kupiga simu baada ya mkutano, na nikasema safari hii mama ashuke mwenyewe, la sivyo sitaacha kupiga.

Alishuka. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kazi?"

"Sijambo. Mkutano umeendaje?"

"Wamekubali koki."

"Wote?"

"Waliokuwepo. Majembe ya mbali hayakuja mengi. Watu wameogopa. Wanasema siku hizi kumsemea mtu ni kosa, unaweza kushikwa."

"Nani amewaambia hivyo?"

"Waliniona mimi," akasema.

Nikamsikia mzee wa duka akimkaribisha mteja, na cherehani ya mdogo wangu ikitembea. Nikamwuliza mama kama ujumbe wangu ulimfikia. Akasema ulimfikia, neno kwa neno. Nikamwuliza kama alikwenda na majembe mawili.

"Nilikwenda na moja."

"Na la kwangu?"

"Liko darini. Mdogo wako alitaka kulichukua, nikamkataza. Naye nani atamtetea wakimwita mwizi?"

Sikumkemea. Kwetu mama hakemewi, na hata angekemewa, ningemwambia nini? Nilimwuliza tu kile nilichotaka kukijua, ingawa moyo ulikuwa unanikataza. Nilimwuliza, walipofika kwenye jina langu pale kwenye banio, wakaliita mbele ya watu kama kila mwaka, yeye aliwajibu nini.

"Niliwajibu ukweli, mwanangu," akasema. "Nilisema hayupo."